Mtoto wa Mtu si Kichimbakazi

Jioni moja, muda mfupi kabla ya Magharibi, binti yangu wa miaka 7 alirejea kutoka madrasa akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alinishika kanzu akaniambia: "Baba, madrasani kwetu amekuja feri." Sisi wakazi wa Mwanza tukilisikia neno hilo, akili hutukimbilia Kamanga, penye kivuko kinachovusha watu na magari kwenda ng'ambo ya Sengerema. Nikamuuliza kwa mzaha, feri hiyo imepitaje mlangoni pa madrasa? Akacheka. "Si hiyo ya majini, baba. Feri wa kwenye katuni, yule mwenye mabawa. Nywele zake za dhahabu na ngozi yake inang'aa. Ila huyu wetu mabawa yake bado hayajaota."

Niliitikia kwa kichwa, nikaendelea na shughuli zangu.

Siku ya pili yake nilikuwa katika chumba kidogo kilicho kando ya mahali pa kutawadhia, ambacho sisi wanakamati tunakiita ofisi, nikinakili muhtasari wa kikao. Akabisha hodi bibi mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakukubali kuketi. "Katibu," aliniambia, "mjukuu wangu nimemleta asome Qur'ani. Sikumleta apewe jina la kiumbe." Alikuwa amewauliza watoto feri ni nini, nao wakamweleza kwa furaha ya kitoto: feri si mtu, huruka, ana uchawi, na akitaka hutoweka asionekane. "Hilo la kutoweka," akasema bibi, "nililisikia kabla wewe hujaota ndevu. Najua mwisho wake ni wapi."

Mjukuu wake ana ualbino.

Ninaandika makala haya kwa idhini ya bibi huyo, nikiamini kwamba wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana televisheni sebuleni na simu mikononi mwa watoto, na wamekwisha kumsikia feri kwa jina lake hilo au kwa jina jingine. Nilidhani naielewa hatari yake. Bibi alinionyesha kwamba nilikuwa nimeitazama upande usiokuwa wake.

Nianze na feri mwenyewe. Neno hilo limetokana na Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na asili yake ni neno lenye maana ya majaaliwa. Watu wa Ulaya, hasa wa Ireland, Uskoti, Uingereza na Wales, walilitumia kuwaita viumbe walioaminiwa kuishi chini ya vilima, ndani ya maziwa na kando ya magofu ya kale. Kamusi zetu za Kiswahili zinalo neno la karibu nalo, yaani kichimbakazi. Viumbe hao wa Kizungu hawakuwa wapole hata kidogo. Waliaminiwa kuiba maziwa, kuwapoteza wasafiri, kuwapiga watu kwa maradhi ya ghafla na kuchukua watoto wachanga. Watu waliwaogopa hata wakakataa kuwataja, badala yake wakawaita "watu wema" au "majirani wema," kama vile wazee wetu walivyokataza kuvitaja vitu fulani usiku ukishaingia.

Mabawa yaliletwa baadaye na wachoraji na watu wa michezo ya jukwaani katika karne za 18 na 19. Mwaka 1904 mwandishi J. M. Barrie alionyesha jijini London mchezo wake wa Peter Pan, na humo alikuwamo feri mdogo aitwaye Tinker Bell, ambaye jukwaani alikuwa nukta ya mwanga tu. Kampuni ya Disney ikamchora kama msichana mwenye mabawa na nywele za dhahabu katika filamu ya mwaka 1953, na mwaka 2008 ikamtengenezea filamu yake mwenyewe. Huyo ndiye, pamoja na ndugu zake wa katuni nyingine, anayepamba mabegi ya shule yanayouzwa katika maduka yetu. Yule aliyekuwa akiwatoa jasho wakulima wa Ireland amegeuzwa kuwa mwanasesere.

Sisi tuliokulia ufukweni mwa Ziwa Viktoria hatuna haja ya kuwacheka Wazungu kwa hayo. Nilipokuwa mtoto pale Igogo, bibi yangu alitukataza kuoga ziwani wakati wa adhuhuri kwa sababu ya chunusi, kiumbe wa majini anayevuta miguu ya waogaji. Huko Lancashire, Uingereza, watoto walionywa wasikaribie madimbwi kwa kutishwa na bibi wa majini mwenye meno ya kijani. Bibi yangu hakuwahi kufika Lancashire. Alichokijua ni kwamba ziwa lina mamba, lina kichocho, lina vina vinavyoanza ghafla baada ya mwamba, na kwamba mtoto wa miaka sita hasikii habari ya kichocho ila husikia habari ya chunusi.

Tena baadhi ya ngano hizo zimebeba adabu. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kenya, Wajaluo wa Gwassi katika kaunti ya Homa Bay wanasimulia habari za Nyamgondho, mvuvi maskini aliyemwopoa mwanamke ziwani. Alimchukua nyumbani akawa mkewe, na tangu hapo mifugo ikajaa zizini. Utajiri ulipomlevya, akamtukana mkewe na kumdharau. Mwanamke akaondoka kurudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini. Katika nchi ya Wales, kwenye ziwa dogo liitwalo Llyn y Fan Fach, husimuliwa ngano inayofanana nayo sana: binti wa ziwani aliolewa na mkulima kwa sharti kwamba akipigwa mara tatu ataondoka, akapigwa, akarudi ziwani na ng'ombe wake. Watu wawili wasioonana, maziwa mawili yaliyo mbali kabisa, na waadhi mmoja kwa waume. Sioni kwa nini mzazi wa Kiislamu asimsimulie mwanawe ngano kama hiyo, mradi amwambie kuwa ni ngano.

Na kusema kweli, jambo la katuni lilikuwa limeshafika katika kamati yetu kabla ya bibi kubisha hodi. Lilikuwa ajenda ya tatu katika kikao kile kile ambacho nilikuwa nikinakili muhtasari wake. Mzee mmoja alisema hao wenye mabawa ni majini, na nyumba yenye picha zao isomewe. Mwalimu wa madrasa alisema tukipiga marufuku, watoto watakwenda kutazama kwa jirani. Mwenyekiti akataka tangazo litolewe siku ya Ijumaa. Mjadala ulikuwa mrefu, nami niliuandika ukurasa mmoja na nusu.

Kuhusu majini, itikadi yetu iko wazi. Majini ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, wameumbwa kwa moto, wana akili na wana wajibu, na Suratul Jinn inatujulisha kwamba miongoni mwao wamo wema na wamo wasiokuwa hivyo. Sura hiyo hiyo inatukumbusha habari za wanadamu waliokuwa wakiomba hifadhi kwa majini, na jinsi jambo hilo lilivyowazidishia madhara. Imani hiyo haitulazimishi kumwona jini katika kila mchoro. Picha ya Tinker Bell imechorwa na watu wenye mishahara ili iuzwe. Inaweza kumpotezea mtoto muda wa kusoma, inaweza kumfunza mavazi na tabia tusizoziridhia, na mzazi ana haki ya kuizima. Hayo niliyajua na niliyaandika.

Jambo ambalo sikulijua ni lile lililomtisha bibi, na nilipolitafuta nilianza kwa kusoma habari za huko feri alikotoka.

Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley huko Uingereza, wasichana wawili wa ukoo mmoja, Elsie Wright na Frances Griffiths, walichukua kamera ya baba yake Elsie, wakapiga picha zilizowaonyesha wakiwa na feri wenye mabawa kando ya kijito. Picha hizo zilimfikia Arthur Conan Doyle, daktari kwa taaluma na mwandishi wa visa vya mpelelezi mashuhuri Sherlock Holmes. Mwaka 1920 alizitangaza katika jarida la The Strand kuwa ni ushahidi, na mwaka 1922 akazitungia kitabu kizima. Mwaka 1983 wasichana wale, wakiwa vikongwe, walikiri kwamba feri wale walikuwa michoro iliyokatwa kutoka kwenye karatasi na kusimamishwa kwa pini za kofia. Elimu ya Conan Doyle haikumkinga. Alikuwa mtu mwenye msiba, mwanawe alifariki mwaka 1918, naye alitamani sana kuamini kwamba upo ulimwengu mwingine unaogusika. Mtu aliyefiwa, mtu mwenye maradhi, mtu aliyepoteza mali, hao ndio wepesi wa kumwamini yeyote anayewaahidi kiumbe wa siri. Waganga wapiga ramli wa kwetu wanalijua hilo vizuri.

Picha za Cottingley hazikumuumiza mtu. Habari iliyonikosesha usingizi ni nyingine, na ilitangulia. Watu wa Ulaya waliamini kwamba feri huiba mtoto wa binadamu na kumwacha wao mahali pake, akiwa na sura ya yule aliyeibwa. Mtoto aliyechelewa kutembea, aliyelia bila kukoma, asiyenenepa au mwenye umbile la tofauti, aliweza kusemwa kuwa huyo si mtoto wa mama yake, bali ni wa badili. Dawa yake ilikuwa kumtesa mpaka wale wenyewe waje kumchukua na kumrudisha wa kweli: kumlaza nje usiku, kumnywesha majani yenye sumu, kumtisha kwa moto. Wataalamu wa leo wakisoma masimulizi hayo wanawatambua humo watoto wenye ulemavu na maradhi.

Hata mtu mzima hakusalimika. Machi 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, jimbo la Tipperary nchini Ireland, mshonaji wa nguo aliyeitwa Bridget Cleary aliugua. Daktari aliitwa na kasisi aliitwa. Lakini mumewe, Michael, alishikilia kwamba yule kitandani si mkewe, bali ni feri aliyejigeuza. Wakamnywesha dawa za miti kwa nguvu, wakamhoji mara kwa mara kama kweli ni yeye, na mwisho mumewe akamchoma moto mbele ya jamaa zake mwenyewe. Kisha akaenda kusubiri penye boma la kale, akitumaini mkewe wa kweli atatokea huko juu ya farasi mweupe. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa. Hao hawakuwa watu wa zama za giza. Reli ilikuwapo, magazeti yalikuwapo, na daktari alikuwa ameshapita nyumbani hapo.

Nilipofika hapo niliifunga simu, kwa maana sikuwa nikisoma tena habari za Ireland.

Katika utoto wangu palikuwa na mtu mzima mwenye ualbino aliyekuwa akishona nyavu kwenye kivuli karibu na mwalo. Sisi watoto tulifundishana kwamba ukipishana naye utemee mate ndani ya shati, kifuani, ili usije ukazaa kama yeye. Tulifundishana pia kwamba watu wa namna yake hawafi, bali hutoweka, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuona kaburi lao. Nilitema mate hayo mara nyingi. Nilikuwa nikitoka chuoni, juzuu iko mkononi, kofia kichwani, nami natema mate kwa kumwona mja wa Mwenyezi Mungu. Alituona, na hakupata kusema neno. Sikumbuki kama nilimtolea salamu hata siku moja.

Hayo yalikuwa mazoea ya watoto, lakini watu wazima wenye tamaa waliyajengea juu yake. Asiyekuwa mtu kamili, wakasema, viungo vyake vina nguvu. Anayevipata atapata dhahabu mgodini na samaki wengi wavuni. Kuanzia mwaka 2007 habari za mauaji zilifuatana katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Kagera, Mara. Mwaka 2008, mwaka ule ule ambao Tinker Bell alitengenezewa filamu yake, wazazi huku kwetu walikuwa wakiwaficha watoto chini ya vitanda. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete alimteua Bi. Al-Shaymaa Kwegyir, ambaye ana ualbino, kuwa mbunge, ili sauti yao isikike. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi walimchagua Salum Barwany, naye ana ualbino, kuwa mbunge wao. Tukadhani giza limepita. Desemba 2014, wilayani Kwimba, katika mkoa wetu huu, mtoto wa kike wa miaka 4 alinyakuliwa usiku nyumbani kwao. Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli.

Niliporejea kwa bibi nilimkuta nyumbani kwake akichambua mchele. Safari hii aliniwekea mkeka. Nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza alichokuwa amekisikia kabla sijaota ndevu.

"Mjomba wake mtoto huyu alikuwa kama yeye," alisema. "Tulikuwa kijijini, ng'ambo ya Sengerema. Mwaka ule wa mauaji alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mimi na marehemu mume wangu tulilala mlangoni kwa zamu, miezi minane, panga liko chini ya mto. Majirani wengine walitusaidia, Mungu awalipe. Wengine walikuwa wakiniuliza, hivi huyu ukimzika ataonekana kaburini?"

Nikamuuliza yuko wapi sasa.

"Wale waliokuwa wakimtafuta hawakumpata. Jua ndilo lililompata. Alikuwa akivua mchana kutwa, kidonda kikatoka shingoni, tukakitia dawa za miti miaka miwili. Tulipomfikisha hospitali wakasema ni saratani, nayo imeshasambaa. Nimemzika mwenyewe, katibu. Kaburi lake lipo. Anayetaka kuliona, nitampeleka."

Alinyamaza, akaendelea na mchele wake. Kisha akasema jambo ambalo ndilo kiini cha makala yangu. "Mwanao hana kosa. Ameona kitu kizuri akamfananisha mwenzake. Lakini leo anaambiwa si mtu kwa kusifiwa, na kesho ataambiwa si mtu kwa kuchukiwa. Mimi nataka aambiwe ni mtu, basi."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi. Ngano ya kiumbe wa ziwani inaweza kumwonya mtoto asizame, au mume asimdharau mkewe, maadamu kiumbe huyo hana anwani. Siku anapopewa anwani, akaambiwa anakaa nyumba ya tatu kutoka msikitini na jina lake ni hili, hapo ngano inakuwa na moto ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa Tipperary, na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Na kinga yake haimo katika kuzima televisheni pekee, kwa kuwa Michael Cleary hakuwa na televisheni, wala sisi tuliokuwa tukitema mate pale mwaloni.

Kinga ya kwanza ni elimu ya dini, tena ile tuliyo nayo tayari. Qur'ani inatufundisha kwamba tofauti za lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, na kwamba mwanadamu ameumbwa katika umbile bora. Majini wana ulimwengu wao na wanadamu tuna wetu, na anayezaliwa na mwanamke ni mwanadamu, ana roho, ana haki ya jina zuri, ya malezi, ya elimu na ya kusaliwa akifa. Ama wapiga ramli, Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali kiasi kwamba anayewaendea na kuwauliza jambo hunyimwa kukubaliwa sala zake kwa siku 40. Muislamu anayeswali safu ya mbele kisha akamwendea mpiga ramli amwulize samaki wako wapi, ajue amefungua mlango ambao hajui nani mwingine atapitia.

Kinga ya pili ni elimu ya mwili. Ualbino unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe wana rangi ya kawaida. Mama hakuzini na Mzungu, wala hakulogwa, wala hakukutana na kichimbakazi. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba asili hiyo bila kujijua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ni mmoja katika watu wapatao 17,000 hadi 20,000. Ngozi yake haina rangi ya kuikinga na jua, kwa hiyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia mionzi, ambayo baadhi yake hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Macho yake huona kwa shida vitu vya mbali na huumizwa na mwanga mkali. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema, kisisubiri miaka miwili.

Sasa nirudi kwenye muhtasari wangu. Nilipoufungua tena baada ya kutoka kwa bibi, niliona ukurasa mmoja na nusu kuhusu katuni. Kuhusu mtoto yule, aliyeandikishwa wiki ile ile, palikuwa na mstari mmoja: wanafunzi wapya, watatu. Hakuna aliyeuliza kama anaiona herufi ubaoni. Hakuna aliyekumbuka kwamba darasa la watoto wadogo hukaa uani, mahali ambapo jua la alasiri huwapiga usoni. Nikaikumbuka Surat Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuja kutaka kufundishwa wakati wakuu wa Makuraishi wakizungumzishwa. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni na nimeifanyia mtihani chuoni. Kamati yetu ilikuwa ikiyajadili mambo makubwa, na aliyekuja kutafuta elimu alikuwa ameketi juani.

Kikao kilichofuata kilikuwa kifupi. Darasa la wadogo limehamia ndani, kwenye baraza ya upande wa kibla ambako kuna kivuli mpaka Magharibi. Mtoto anakaa safu ya kwanza, na amepatiwa juzuu yenye herufi kubwa, iliyonunuliwa na yule mzee aliyetaka nyumba zisomewe. Tangazo la Ijumaa lilitolewa. Lilikuwa na sentensi mbili kuhusu katuni, zikiwataka wazazi wakae na watoto wao na kujua wanachotazama. Sehemu iliyobaki Imamu wetu aliizungumzia kwa urefu: majina tunayowaita waja wa Mwenyezi Mungu, na habari ya mate. Baada ya sala, mwanamume mmoja wa rika langu alinishika mkono, akaniambia, "Na mimi nilikuwa nikitema." Hatukuongeza neno.

Na binti yangu? Nilimketisha, nikamwambia yule mwenzake si feri, ni mtoto kama yeye, ana jina. Akanijibu kwamba jina lake analijua, ila feri ni wazuri. Nikamwambia hata mwenzake ni mzuri, lakini feri ni mchoro. Haumwi na macho, hana njaa, wala hana bibi anayemngoja nyumbani. Akafikiri kidogo. "Kwani feri hana bibi?" Nikasema hana. Akaonekana kumhurumia.

Wiki iliyopita bibi alipita ofisini kwangu kulipa ada. Nikamuuliza hali ya mjukuu. Akalalamika kwamba yeye na binti yangu wamegombana kwa sababu ya kofia: binti yangu aliiazima akachelewa kuirudisha. "Wameitana majina," akasema, na moyo wangu ukashtuka. "Majina gani, bibi?" Akatabasamu. "Mwanao amemwita mchoyo. Na wangu amemwita mwanao mwizi." Nilimwandikia stakabadhi yake, nikamwahidi kwamba kofia itarudi kabla ya Alasiri, nami nikaipeleka mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, atufishe wote tukiwa na majina mema vinywani mwa majirani zetu. Wabillahi tawfiq.